Mkono Uliosamehewa Kazi

Mhadhara kwa wananchi wa Sirari, wilayani Tarime

Nimeombwa nizungumzie kiharusi. Nitazungumzia sehemu yake moja tu, yaani mkono, kwa sababu ndiyo sehemu tunayoitelekeza mapema kuliko zote.

Ukipita katika kaya za wilaya hii, kuanzia hapa mpakani hadi kule Nyamongo, utawakuta watu waliopata kiharusi miaka miwili, mitatu au mitano iliyopita. Wengi wao wanatembea. Wanaburuza mguu, wanashika fimbo, lakini chooni wanafika na kanisani wanafika. Mkono wa upande uleule hauendi popote. Kiwiko kimekunjamana, kiganja kimefumba na kubanwa kifuani, na mwenyewe ameacha hata kuutazama. Ukimuuliza atakwambia, "Huu ulishakufa."

Wengi mnaamini hivyo ndivyo kiharusi kilivyo, kwamba kinaurudisha mguu na kuuzuia mkono. Kuna ukweli ndani yake, maana mkono ni mgumu kurudi kuliko mguu, na nitaeleza sababu. Lakini iko sababu nyingine inayotuhusu sisi tuliozunguka kitanda cha mgonjwa. Mguu hatukuusamehe. Mtu hawezi kutembea kwa mguu mmoja, kwa hiyo tangu siku anayoinuka kitandani mguu mbovu unalazimishwa kubeba uzito, hatua moja baada ya nyingine, mamia ya mara kwa siku, atake asitake. Mkono una ndugu yake pembeni. Wa kulia ukipooza, wa kushoto unashika kikombe, na chai imeshanyweka. Wa kushoto ukishindwa kufunga kifungo cha shati, yupo mke, yupo binti, yupo mjukuu. Mkono mbovu unasamehewa kazi siku ya kwanza, kwa huruma kabisa, na msamaha huo ndio unaoumaliza.

Hilo ndilo nililokuja kulisema Sirari. Sasa niwaonyeshe ninalitoa wapi.

Kiharusi hakikai mkononi. Kinakaa kichwani. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule imekosa oksijeni ikafa. Misuli ya mkono ni mizima, mifupa ni mizima, ila amri haifiki. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoamuru mkono wa kulia, na wa kulia unaamuru wa kushoto. Mwaka 1937, madaktari Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, Kanada, walichapisha kazi ambayo hadi leo kila mwanafunzi wa udaktari anaisoma. Walikuwa wakiwapasua kichwa wagonjwa walio macho, wakigusa uso wa ubongo kwa umeme mdogo, na kuandika ni kiungo gani kimetikisika. Walikuta mkono, na hasa vidole na dole gumba, umejitwalia eneo kubwa ajabu, kubwa kuliko la kiwiliwili chote. Eneo kubwa namna hiyo ni rahisi kuguswa na janga lolote linaloupata ubongo.

Mtazameni mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi. Vidole vyake havitembei kwa pamoja kama kundi. Kimoja kinakwanyua uzi huku jirani yake kikisubiri, kisha kinatulia na kingine kinaanza. Kazi ya kukitenga kidole kimoja na kukiamuru peke yake inategemea njia moja ndefu ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka juu ya ubongo hadi uti wa mgongo. Ziko njia nyingine za kale zaidi mwilini, nazo zinaweza kuinua bega na kukunja kiwiko, lakini kidole kimoja haziwezi kukitenga. Ndiyo maana mwenye kiharusi ukimwambia, "Mura, fungua kiganja," bega linapanda, kiwiko kinajikunja, na vidole vinazidi kufumba. Anajitahidi kwa nguvu zake zote. Amri yake inapita kwenye njia zilizobaki, na njia hizo hazijui vidole.

Tuangalie kwanza ukubwa wa tatizo. Tanzania imehesabu kiharusi vizuri, tena mapema. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wakiongozwa na Richard Walker waliandikisha watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza katika maeneo mawili, vijiji vya Hai kule Kilimanjaro na sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na watu 109 hivi kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Hai ni nchi ya migomba na kahawa, kama milima yetu ya Tarime. Sirari ya leo si Hai tena. Ni mji wa malori, wa biashara ya kukaa kwenye kiti kuanzia alfajiri, wa chipsi na nyama choma zenye chumvi nyingi, wa watu wa miaka 40 ambao hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Sitaki kuwatisha, lakini tukiendelea hivi tunaelekea upande wa Dar es Salaam.

Utafiti mwingine ulioongozwa na Gerry Mshana, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu wa maeneo yaleyale kiharusi kinatoka wapi. Wengi wetu tungetarajia kijijini waseme uchawi na mjini waseme presha. Ikawa kinyume. Dar es Salaam ndiko walikotaja majini na kurogwa, na Hai wakataja presha, mafuta na mawazo mengi. Nalisema hili kwa sababu najua kuna watu hapa waliompeleka mzazi wao kwa mganga kabla ya hospitali, na wengine walivuka mpaka kumtafuta mganga mwenye sifa. Sina la kuwalaumu. Ugonjwa unaompiga mtu ghafla upande mmoja, akiwa anazungumza, unamlazimisha kila mwenye akili kuuliza ni nani aliyenitumia. Ila saa zile za kwanza ni za hospitali, na wiki zinazofuata ni za mazoezi. Mganga akimaliza lake baada ya miezi mitatu, mkono umeshapoteza muda ambao ubongo hujirekebisha haraka kuliko wakati mwingine wowote.

Sasa niingie kwenye kiini cha jambo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliwakata kima mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja. Mishipa inayoamuru misuli hakuigusa. Hata hivyo wale kima waliacha kabisa kuutumia mkono ule. Walijaribu siku za mwanzo, wakaanguka, wakakosa chakula, wakajifunza kwamba hauna faida. Miezi ikapita, na uwezo wa kuutumia ukawa umerudi, lakini hawakujaribu tena. Taub alipoufunga mkono mzima, kima akaanza kuokota chakula kwa ule ulioachwa. Majaribio yale yalikuwa machungu kwa wanyama. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake ya Silver Spring, na kesi iliyofuata ilichangia kubadilisha sheria ya Marekani ya kuwalinda wanyama wa maabara. Siyatetei. Lakini kilichoonekana pale nakiona katika kaya zetu kila siku, mtu ambaye uwezo wa mkono wake umerudi kiasi na hana habari, kwa kuwa aliacha kuujaribu mwezi wa kwanza.

Wazo hilo lilikuja kupimwa kwa watu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vituo saba vya Marekani, lililohusisha watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 nyuma. Nusu yao walivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima, wakakaa nayo karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, na kwa siku za kazi wakafundishwa mkono mbovu hadi saa 6 kwa siku. Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanautumia mkono ule vizuri kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Niwe mkweli kuhusu sharti moja. Wote waliochaguliwa walikuwa tayari wanaweza kuinua kidogo kifundo cha mkono na kunyoosha kidogo vidole. Mkono usiotikisika hata kidogo hauendi kwenye glavu. Tutaufikia baadaye.

Na ndani ya ubongo kunatokea nini? Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake waliharibu sehemu ndogo ya eneo la mkono katika ubongo wa tumbili wadogo wa Amerika. Walioachwa bila mazoezi walipoteza hata sehemu ya eneo lililokuwa limesalia salama. Waliofunzwa kuokota punje za chakula kutoka kwenye vishimo vidogo walilishikilia eneo lao, na kwa wengine lilipanuka. Ninyi watu wa Tarime mnalijua jambo hili kuliko mimi. Shamba ulilolilaza misimu miwili, jirani analima hadi kwenye kigingi chako, na msimu wa tatu kigingi hakipo. Eneo la mkono kichwani linanyakuliwa namna hiyo, na anayelinyakua ni bega au kiwiko cha mtu yuleyule.

Sasa swali ni mazoezi kiasi gani. Catherine Lang na wenzake walikwenda kwenye vituo vya tiba Marekani na Kanada, wakakaa na kuhesabu. Matokeo yao ya mwaka 2009 yanasema kwamba katika kipindi kimoja cha mazoezi ya mkono, mgonjwa alifanya kwa wastani vitendo 32 tu vyenye maana, kama kufikia kitu na kukishika. Tumbili wa maabara walikuwa wakifanya mamia kwa siku. Mara 32, katika nchi tajiri, mbele ya mtaalamu! Basi mgonjwa wa Sirari anayekwenda Musoma mara moja kwa mwezi, akalipa nauli yake na ya msindikizaji, akafika na kunyooshwa vidole kwa nusu saa, anapata nini? Anapata maelekezo, na maelekezo ni muhimu. Mazoezi yenyewe lazima yatoke kwingine.

Nasema yatoke jikoni, uani na dukani. Nikiwaangalia ninyi mnavyoishi naona vifaa vya mazoezi kila upande.

Chukueni tonge la ugali. Mkono wa kulia unakwenda mbele juu ya sahani, na hapo bega na kiwiko vimefunguka. Vidole vinafunguka, vinamega. Tonge linazungushwa kiganjani, vidole vinne vikilisukuma na dole gumba likilipokea. Dole gumba linalibonyeza katikati pawe na kishimo. Kiganja kinageuka, kinachota mboga, kinapinduka tena, kinapanda mdomoni bila kudondosha mchuzi kwenye shati. Mtaalamu wa tiba kazi akiketi Moshi au London kubuni zoezi moja linalounganisha kufikia, kufungua, kushika, kukutanisha dole gumba na vidole, na kugeuza kiganja, hatapata lililo bora kuliko hili. Na mtu anayemaliza sahani yake amelirudia mara ishirini na zaidi, asubuhi, mchana na jioni.

Lakini tunafanya nini? Mzee amepooza mkono wa kulia. Kula kwa kushoto mbele ya wakwe ni aibu. Kwa hiyo analishwa na mjukuu kwa kijiko. Hapo tumeondoa zoezi bora kuliko yote, na heshima yake tumeiondoa vilevile. Ninachopendekeza ni hiki. Kabla ya chakula, si wakati njaa inamuuma, mtengeeni tonge kubwa la ugali laini uliopoa, wa mazoezi tu. Amege, azungushe, abonyeze, alitue, arudie. Mwanzoni mkono mzima utaubeba ule mbovu. Siku atakayoweza kupeleka tonge moja mdomoni, basi tonge la kwanza la kila mlo liwe la mkono wa kulia, hata likichukua dakika tano, na mengine ale anavyoweza. Ugali wa ulezi na muhogo, ule mgumu wetu, uje baadaye. Na muhakikishe umepoa kweli, kwani mkono wenye kiharusi mara nyingi hausikii moto. Mgonjwa anayepaliwa na maji au uji asifanyishwe mazoezi ya kula mpaka aonwe na mtaalamu, maana chakula kinachoingia mapafuni kinaua.

Maharage ya kuchambua ni hazina nyingine. Mwageni nusu kisado kwenye ungo, mumpe kopo. Aokote punje moja moja kwa dole gumba na kidole cha shahada, aziangushe ndani ya kopo, na kila punje ihesabiwe. Punje 300 ni vitendo 300, mara tisa ya walivyofanya wale wa Marekani kwenye kipindi chao. Mahindi ya kupukuchua yanafaa kwa hatua ya awali, mkono mbovu ukishika gunzi na mzima ukipukuchua, kisha wabadilishane kazi. Kwa mfanyabiashara wa hapa mpakani kuna hela. Noti za nchi mbili zichanganywe, za Tanzania ziende kushoto na za Kenya kulia. Sarafu iliyolala juu ya meza bapa ni ngumu kuokota hata kwa mkono mzima, kwa hiyo aanze kwa kuiburuta hadi ukingoni na kuidaka. Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya arudi kupanga mafungu. Zoezi lenye sababu linarudiwa kwa moyo. La kuinua mkono hewani tu linachosha, na siku ya nne linaachwa.

Naomba nigusie ushauri mmoja unaotolewa kila mahali, hata na sisi wahudumu wa afya, wa kumpa mgonjwa mpira aminye. Sikubaliani nao kwa wagonjwa wengi. Mkono wa kiharusi tayari unajua kufumba, na kufumba ndiko kunakoutesa. Kazi inayokosekana ni kufungua na kuachia. Mtu anaweza kukamata kikombe, kisha akashindwa kukiweka chini mpaka avutwe vidole. Kwa hiyo hesabuni kuachia. Ukiokota punje, punje haihesabiwi mpaka imeanguka kwenye kopo.

Kwa mkono ambao bado hautikisiki, kuna kioo. Kinunuliwe kile cha kawaida cha sokoni, kisimamishwe mezani katikati ya mikono miwili, uso wake ukitazama mkono mzima, na mkono mbovu ukae nyuma yake usikoonekana. Mgonjwa anafungua na kufumba mkono mzima huku akitazama kwenye kioo, naye anaona kana kwamba ule mbovu ndio unaofunguka. Wazo lilitoka kwa V. S. Ramachandran, aliyelitumia kwa watu waliokatwa mikono na bado wakasikia maumivu ya mkono usiokuwepo. Mwaka 1999 Altschuler na wenzake walilijaribu kwa watu tisa wa kiharusi, na tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba linasaidia kiasi, hasa likiongezwa juu ya mazoezi mengine. Peke yake halitoshi, na anayewauzia kioo kama muujiza mkimbieni.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua sana nilipolisoma. Kama familia ndiyo yenye muda na jikoni, si tuifundishe familia tu, tumalize? India walijaribu. Matokeo yalitoka mwaka 2017, ya watu 1,250 katika hospitali 14. Kwa nusu yao, ndugu wa mgonjwa walifundishwa kumfanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao na wengine, si katika vifo, si katika kutegemea msaada. Ningeweza kuwaficha hilo, maana linaonekana kuvunja hoja yangu. Ninavyolisoma mimi, linasema kwamba kumfundisha ndugu kwa muda mfupi kisha kumwacha peke yake nyumbani hakutoshi. Ndugu anahitaji mtu wa kumrudia, anayesema leo ongeza, leo badilisha, hapa unamvuta vibaya. Bila huyo, baada ya wiki mbili huruma inashinda na mjukuu anashika tena kijiko.

Uganda walitafuta njia ya kumweka huyo mtu karibu bila gharama kubwa. Julius Kamwesiga, mtaalamu wa tiba kazi, na wenzake walijaribu mpango ambao mgonjwa na ndugu zake wanachagua wenyewe shughuli tatu wanazotaka zirudi. Kila asubuhi ujumbe wa simu unawakumbusha, jioni ujumbe mwingine unawauliza wamefanyaje, kwa wiki nane, na mtaalamu anafuatilia majibu. Lilikuwa jaribio dogo, kwa hiyo sitalibebesha mzigo mkubwa. Lakini hapa Sirari, ambako simu zinashika minara ya nchi mbili, hakuna linalotuzuia kuanza. Mtaalamu mmoja wa tiba kazi akiwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, akazunguka vituo vya afya kwa ratiba inayojulikana na kubaki na namba za simu za familia, atawafikia watu wengi kuliko kitanda kimoja cha Mwanza. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu hawa. Wapo. Madiwani mlioketi mstari wa mbele, nafasi hiyo iombwe kwenye ikama ya mwaka ujao, na wananchi muwaulize madiwani wenu imefikia wapi. Hospitali ya Bugando, huko Mwanza, iko takriban kilomita 300 kutoka hapa, na hakuna mkono unaoweza kusafiri umbali huo kila wiki.

Kuhusu siku za mwanzo nitakuwa mfupi. Saa 24 za kwanza si za kumfanyisha mgonjwa kazi nzito. Jaribio kubwa la mwaka 2015, la watu zaidi ya 2,000, lilionyesha kuwa kuwainua mno mapema kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Baadaye, kidogo kidogo na mara nyingi. Asivutwe kwa mkono mbovu wala kuinuliwa kwa kushikwa kwapani, kwa sababu bega ambalo misuli yake imelegea linachomoka taratibu, na bega linalouma litauzuia mkono huo kwa muda mrefu. Kuchua kwa mafuta hakuna ubaya, kunatuliza, lakini msikuhesabu kama mazoezi. Maji ya moto sana ni hatari. Na siku ya pili au ya tatu mtazameni kitu kimoja. Je, anaweza kunyoosha vidole hata kidogo, na kuutenga mkono na mbavu hata kidogo? Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanaoweza yote mawili siku ya pili wana uwezekano wa asilimia 98 wa kupata angalau utendaji fulani wa mkono baada ya miezi sita. Wasioweza lolote wana asilimia 25. Hao wa 25 pia tusiwaache, ila familia ina haki ya kujua.

Na aliyepata kiharusi mwaka juzi? Bado. Kituo cha Queen Square, London, kilichapisha mwaka 2019 matokeo ya watu 224, wengi wao wakiwa wamepita mwaka mmoja na zaidi tangu kiharusi, waliopewa mazoezi ya saa 90 ndani ya wiki tatu. Mikono yao iliendelea kuwa bora hata miezi sita baadaye. Saa 90 ni nyingi. Lakini zinaonyesha kwamba mlango haufungwi mwezi wa tatu.

Katika wilaya hii siwezi kunyamaza kuhusu mapanga. Mkono uliokatwa mshipa wa fahamu kwa panga, au kupondwa kwenye ajali ya bodaboda, ni jambo tofauti na kiharusi, kwa sababu ubongo ni mzima na waya ndio uliokatika. Kushona ngozi peke yake hakutoshi, mshipa nao lazima uunganishwe na daktari wa upasuaji anayeijua kazi hiyo. Baada ya hapo unaota upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Aliyekatwa karibu na kiwiko atasubiri zaidi ya mwaka kabla hisia hazijafika ncha za vidole. Muda wote huo viungo vinyooshwe kila siku visigande, na vidole visivyosikia vilindwe na moto wa jiko.

Nimalizie na wale ambao mkono hautarudi, kwa sababu wapo, na mhadhara unaowaruka ungekuwa si wa haki. Kiganja kilichofumba kioshwe na kukaushwa kila siku, kucha zikatwe, la sivyo zinachimba nyama na pananuka. Vidole vifunguliwe polepole kuanzia dole gumba. Kwa aliyepooza kulia, mkono wa kushoto nao ufundishwe rasmi, ujifunze kutia saini benki, kufunga mkanda, kushika jembe dogo. Na ale kwa kushoto. Hapa nawageukia wazee wa mila mliopo. Kauli ya inchama, baraza lenu la wazee, inafika mahali ambapo kauli yangu haifiki. Nawaomba mlitamke kwenye mikutano ya koo, kwa maneno yenu wenyewe, kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia akila kwa mkono wa kushoto hajamkosea mkwe wala mgeni, na kwamba anayemtoa kwenye sinia la wenzake ndiye mwenye kosa.